Percy Bridgman: Jamaa Aliyefinya Kila Kitu Duniani, Almasi Ikamkataa

Hii sentensi umeisikia mpaka umechoka: presha ndio hutengeneza almasi. Iko nyuma ya matatu, iko kwa WhatsApp ya anko wako, iko kwa mdomo wa kila msee wa motisha mwenye anauza tiketi za semina. Wiki ile niliacha chuo sababu ya karo, watu watatu tofauti walinitumia hiyo kitu. Watatu! Hakuna hata mmoja alituma mia mbili.

Sasa tulia hapo nikupee stori ya mtu mmoja. Kama kuna binadamu alipaswa kujua ukweli wa hayo maneno, ni yeye. Anaitwa Percy Williams Bridgman, Mmarekani, na alitumia karibu maisha yake yote ya kazi akifinya vitu. Alifinya maji, chuma, zebaki, fosforasi, hata yai. Mwaka 1946 akapewa Nobel ya fizikia kwa hiyo kazi ya kufinya. Na ndio, alijaribu kufinya almasi itoke. Alikuwa na mashine, alikuwa na akili, alikuwa na pesa ya makampuni makubwa nyuma yake.

Haikutoka.

Lakini njia aliyofungua akifinya vitu vingine ndio imesaidia simu yako kukimbia vile inakimbia, na mpaka leo kuna wanasayansi hawalali juu yake. Twende polepole.

Kijana wa kukataa vitu

Bridgman alizaliwa tarehe 21 Aprili 1882 huko Cambridge, jimbo la Massachusetts, akalelewa mji wa karibu unaitwa Newton. Mzae wake, Raymond, alikuwa mwandishi wa magazeti, anafuatilia mambo ya siasa. Pia alikuwa mtu wa kanisa sana, na alitarajia kijana afuate nyayo. Kijana akakataa kujiunga. Ilimuuma mzee, lakini Percy alikuwa hivyo: kitu kama hajajionea, hakubali. Kumbuka hiyo tabia, tutaikuta tena.

Mwaka 1900 akaingia Harvard, na hapa ndio ushangae, hakutoka tena. Alichukua digrii hapo, PhD hapo mwaka 1908, akafundisha hapo, akawa profesa hapo, akastaafu hapo mwaka 1954. Miaka 54 kwa kampasi moja! Mimi nilifanya semista tatu nikaona zimekuwa mingi. Mwaka 1912 alimuoa Olive Ware, wakapata watoto wawili.

Hakuwa mtu wa mikutano na kamati. Wanafunzi wa PhD alichukua wachache. Alipenda kushika spana mwenyewe, kukata chuma mwenyewe, na kuandika matokeo peke yake. Alichapisha ripoti za utafiti zaidi ya 200, na karibu zote jina ni moja tu: lake.

Kifaa kikalipuka, bahati ikaingia

Karibu mwaka 1905, Bridgman alikuwa na mpango wa upole tu. Alitaka kuona vile presha inabadilisha mwanga ukipita ndani ya vimiminika. Halafu kifaa kikalipuka. Kipande cha kubadilisha kilikuwa lazima kitoke Ulaya, na enzi hizo hakuna cha kuagiza leo upate kesho. Jamaa akabaki na muda mkononi na mashine nusu.

Akaanza kuchezea shida yenye ilikuwa inasumbua kila mtu kwa hiyo kazi: kuvuja.

Wacha kwanza nikupimie presha ujue tunaongea nini. Hewa yenye inakukalia saa hii inaitwa atmosfia moja. Hiyo ni kama kilo moja kwa kila sentimita mraba, karibu ukubwa wa kucha yako. Chini kabisa ya bahari, kwa lile shimo la Mariana huko Pasifiki, ni atmosfia 1,000 na kitu. Kabla ya Bridgman, mashine nzuri zilifika kama 3,000. Ukipita hapo, maji ama mafuta yenye unafinya yanapata mwanya kwa kizibo na kutoroka. Mchezo umeisha.

Bridgman alitengeneza kizibo cha ajabu. Aliweka ringi laini katikati ya vyuma, halafu akapanga mambo ili eneo la hiyo ringi liwe dogo kuliko eneo lenye linasukumwa na kimiminika. Nguvu ni ile ile, lakini sasa imekalia sehemu ndogo. Maana yake presha ndani ya ringi lazima iwe juu kuliko presha ya kimiminika, kila saa, bila kuangalia umefika wapi. Ukiongeza presha, kizibo nacho kinakaza zaidi.

Soma hiyo tena. Ile nguvu yenye inataka kutoroka ndio inafunga mlango. Manze, hiyo ni akili.

Kuanzia hapo kuvuja si shida tena. Kitu pekee cha kumzuia ni chuma chenyewe kupasuka, na kilipasuka mara nyingi. Alipanda mpaka 12,000, akaifanya hiyo iwe kazi ya kawaida. Baadaye kabidi ya tangsteni ilipoingia sokoni, ngumu kuliko chuma cha kawaida, akafika atmosfia 100,000. Chukua trela mbili zimejaa mzigo, zile za Mombasa Road, uzisimamishe zote juu ya kucha yako moja. Ni hapo.

Yai bila moto, barafu ya kuunguza

Ukiwa na mashine kama hiyo na hakuna mwingine duniani ako nayo, unafanya nini? Unafinya kila kitu.

Mwaka 1914 alifinya ute wa yai kwa presha ya atmosfia elfu kadhaa, bila moto wowote. Ulipotoka ulikuwa umeganda, kama yai la kuchemsha. Usicheke, leo kuna viwanda vinatumia wazo hilo hilo kuua vijidudu kwa juisi bila kuipika.

Akafinya maji pia. Sisi tunajua barafu ni baridi, si ndio? Bridgman akapata aina za barafu zenye atomu zake zimepangwa tofauti kabisa na ile ya friji. Mwaka 1937 akatangaza ile inaitwa barafu ya 7. Ukiifinya vya kutosha inabaki barafu ngumu hata ikipita nyuzi 100, joto lenye maji ya chai huchemka. Barafu ya kukuunguza mkono.

Lakini fosforasi ndio stori yenyewe. Ile nyeupe ni mbaya: inashika moto yenyewe ikiguswa na hewa. Mwaka huo huo wa 1914 Bridgman alikuwa anajaribu kuibadilisha iwe fosforasi nyekundu, yenye ilikuwa inajulikana. Akaipatia presha ya 12,000 na joto la nyuzi 200. Alipofungua, hakukuwa na nyeupe wala nyekundu. Kulikuwa na kitu cheusi. Hakiwaki ovyo hewani, na kinapitisha umeme.

Hakuna kitu aliongeza hapo. Hakuweka kemikali ingine. Ni atomu zile zile, zimesukumwa tu karibu karibu mpaka zikajipanga upya. Aliingiza kitu kimoja, akatoa kitu kingine.

Kwani elektroni zinahama keja?

Swali ni moja: kwa nini kufinya kitu kunabadilisha tabia yake?

Bridgman alipima metali moja baada ya ingine. Nyingi zikifinywa zinapitisha umeme vizuri zaidi. Hiyo si ngumu kuelewa: atomu zikibanwa hazitetemeki sana, kwa hivyo elektroni zinapita bila kugongwa gongwa. Lakini lithiamu, kalsiamu na strontiamu zilienda kinyume. Ukizifinya, umeme unapita kwa shida zaidi. Nadharia za wakati huo hazikuwa na jibu.

Jibu lilikuja na fizikia ya kwantamu. Kwa hiyo fizikia, elektroni haikai tu popote. Ziko na keja zake, kila moja na umbo lake na bei yake ya nguvu. Elektroni inatafuta keja ya bei ya chini yenye haijajaa, vile tu wewe unatafuta. Na bei ya hizo keja inategemea atomu ziko umbali gani kutoka kwa majirani. Sasa ukisukuma atomu karibu, umebadilisha rent ya mtaa mzima.

Chukua metali inaitwa sesiamu. Bridgman aligundua kwamba ukiifinya polepole, inafika mahali inarudi ndani ghafla, kama mtu amevuta hatua. Mwaka 1950 likachapishwa wazo lililotoka kwa Enrico Fermi, yule gwiji wa nyuklia. Elektroni ya nje ya sesiamu huishi kwa keja kubwa ya mviringo. Ukifinya, hiyo keja inapanda bei, inapanda, mpaka inapita bei ya keja ingine yenye umbo tofauti. Elektroni inahama. Atomu inakuwa ndogo, na metali nzima inabadilika tabia.

Hapo ndio utaelewa Bridgman alikuwa anafanya nini kabla hata watu hawajaipatia jina. Kuna vitu leo vinaitwa maada za kwantamu, vyenye tabia yake yote inategemea elektroni zimejipanga aje na zinaangaliana aje. Ukivifinya kidogo, ukivivuta kidogo, ukivikunja kidogo, unapata kitu kipya. Ni kama kuwa na kinobu ya redio: hubadilishi redio, unazungusha tu, na stesheni inakuwa ingine.

Mwanafunzi anaitwa Oppenheimer

Ulitazama ile filamu ya Oppenheimer? Basi jua huyo jamaa alipita kwa mikono ya Bridgman. Alikuwa mwanafunzi Harvard, akachukua somo lake, akafanya kazi kwa maabara yake ya presha. Mwaka 1925 Oppenheimer alipotaka kwenda Uingereza kwa Ernest Rutherford, Bridgman ndio alimwandikia barua ya mapendekezo. Alimsifu akili yake sana, lakini akaeleza wazi kwamba kwa kazi ya mikono ndani ya maabara kijana hako sawa. Barua hiyo pia iligusia Uyahudi wake kwa ile lugha ya ubaguzi ya enzi hizo, kitu cha aibu ukiisoma leo. Rutherford hakumchukua. Akaangukia kwa J. J. Thomson.

Bridgman mwenyewe, mwaka 1927, aliandika kitabu kilichotikisa watu wa falsafa. Hoja yake ilikuwa rahisi na kali: neno la sayansi halina maana mpaka useme utalipima aje. Ukisema urefu, niambie rula gani. Ukisema muda, niambie saa gani. Ni yule kijana wa Newton bado, anakataa kitu mpaka aone kimepimwa.

Tabia hiyo ilimfanya afanye kitu kizito mwaka 1939. Wakati Hitler alikuwa anakula Ulaya, Bridgman alitangaza kwa jarida la Science kwamba maabara yake imefungwa kwa wageni wanaotoka nchi za kidikteta. Kwake, raia wa serikali kama hiyo hana uhuru, na chochote utamwonyesha kinaweza kutumika vibaya. Kuna wenye walimpongeza, kuna wenye walisema sayansi haifai kufungiwa mtu mlango. Hakubadilisha msimamo.

Halafu vita ikamfuata mpaka ndani ya maabara. Alisoma vile chuma cha vifaru kinapinda na kupasuka. Akapima pia vile urani na plutoni zinabanika, hesabu zenye zilihitajika kwa mradi wa bomu la atomu, mradi ule ule uliokuwa ukiongozwa na mwanafunzi wake wa zamani kule Los Alamos. Miaka kumi baada ya Hiroshima, mwaka 1955, jina lake lilikuwa kati ya watu 11 waliotia sahihi tamko la Bertrand Russell na Albert Einstein, la kuomba dunia iachane na vita kabla silaha za nyuklia hazijatumaliza.

Na almasi je?

Tumefika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, makampuni matatu makubwa ya Marekani, General Electric ikiwemo, yaliweka pesa Bridgman atengeneze almasi. Wakampa mashine ya tani 1,000. Almasi na grafiti, ile nyeusi ya penseli, zote ni kaboni tupu. Tofauti ni vile atomu zimepangwa. Kama presha iligeuza fosforasi, itashindwaje na penseli?

Ilishinda. Alipofinya grafiti ikiwa baridi, hata kwa presha kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, ilibonyea tu, na presha ikiachiliwa inarudi vile ilikuwa. Kama springi. Akaongeza joto la karibu nyuzi 3,000, lakini hapo presha haikuwa ya kutosha, na joto lenyewe lilikaa sekunde chache tu. Vita ikaingilia kati, mradi ukakatika. Mfalme wa presha duniani hakuwahi kutoa almasi hata moja.

Desemba 1954, miezi michache baada ya Bridgman kustaafu, vijana wa General Electric wakafaulu, na Februari 1955 wakatangaza. Wasweden wa kampuni ya ASEA walikuwa wamewatangulia mwaka 1953 lakini walinyamaza. Hizo timu zote zilifanya nini yeye hakufanya? Waliweka presha na joto pamoja, kwa wakati mmoja, na kwa muda wa kutosha. Na ya muhimu zaidi, waliweka metali iliyoyeyuka pembeni. Kaboni ikaingia ndani ya hiyo metali, ikalegea, halafu ikatoka imejipanga upya kama almasi.

Kwa hivyo ile sentensi ya nyuma ya matatu haijakamilika. Presha peke yake haikutengeneza almasi. Ilihitaji joto, ilihitaji muda, na ilihitaji kitu pembeni cha kushikilia kaboni ikivuka.

Kucha ya trela iliendelea bila yeye

Mwaka 1961 Bridgman alikuwa na miaka 79 na saratani imefika kwa mifupa. Miguu ilianza kukataa, maumivu hayakuisha, na madaktari hawakuwa na dawa ya kumponya. Siku zake za mwisho alizitumia akimalizia faharasa ya vitabu saba vyenye kazi yake yote ya majaribio. Hebu fikiria hiyo: mtu anakufa, na anapanga kurasa ili wewe upate kitu rahisi ukitafuta. Harvard walivichapisha mwaka 1964.

Tarehe 20 Agosti 1961, nyumbani kwake kwa likizo huko Randolph, New Hampshire, alijiondolea uhai. Aliacha maneno machache tu ya kulalamika kwamba jamii imemwachia mgonjwa kama yeye abebe uamuzi huo peke yake. Mpaka leo, madaktari na wanasheria wakibishana kuhusu haki za mgonjwa asiye na tumaini la kupona, jina lake hutajwa.

Sitakudanganya kwamba najua la kusema hapo. Najua tu kwamba mtu aliyeelewa presha kuliko sisi wote hakuigeuza kuwa maneno matamu. Na kama wewe unasoma hii na uko mahali pa giza, usibebe peke yako. Tafuta mtu mmoja leo, rafiki, ndugu, daktari, umwambie vile kuko.

Vitu zilitoka baadaye

Sasa angalia vile kazi yake ilikataa kuzikwa.

Mwaka 1986, watafiti wawili wa Zürich, Bednorz na Müller, walipata kitu cha kauri kinachopitisha umeme bila kupoteza hata kidogo, kwa joto la juu kuliko vyote vilivyojulikana. Vitu vya aina hiyo vinaitwa supakondakta. Huko Houston, Paul Chu akafanya ile kitu Bridgman angefanya: akakifinya. Joto la kazi likapanda. Akawaza, kama atomu zikikaribiana mambo yanakuwa mazuri, si niweke atomu ndogo zaidi ndani, zijifinye zenyewe? Yeye na wenzake wakatoa lanthani, wakaweka itriamu. Mapema mwaka 1987 wakatangaza supakondakta ya nyuzi 180 chini ya sifuri. Kwako ni baridi kali, lakini kwa wanafizikia hiyo ilikuwa sherehe, kwa sababu naitrojeni ya maji, yenye si ghali, inatosha kuipoesha.

Mwaka 2003 Intel walianza kuuza chipu zenye silikoni imevutwa na kubanwa makusudi, kwa kiasi kidogo tu, ili umeme ukimbie haraka ndani ya transista. Mbinu ya aina hiyo iliingia kwa chipu nyingi zilizofuata. Hiyo simu inakuonyesha haya maneno, kuna uwezekano mkubwa silikoni yake iko kwa presha saa hii.

Mwaka 2014 ile fosforasi nyeusi ya miaka 100 ikarudi kwa nguvu. Watafiti walianza kuibandua nyembamba nyembamba na kutengeneza transista. Ukiifinya tena, inaacha kuwa semikondakta na kuanza kuwa kama metali. Mwaka 2017 timu nyingine ilionyesha kwamba kristali ya strontiamu, ruthenamu na oksijeni, ukiibana upande mmoja kwa chini ya asilimia 1, joto lake la kuwa supakondakta linaongezeka zaidi ya mara mbili. Chini ya asilimia 1! Na mwaka 2015, huko Mainz, Ujerumani, mchanganyiko wa hidrojeni na salfa ulifinywa kwa zaidi ya atmosfia milioni 1, ukawa supakondakta kwa nyuzi 70 tu chini ya sifuri.

Sasa uliza hizo milioni zinapatikana kwa mashine gani. Ni kidude kidogo cha kutosha kwa kiganja, kilichobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kimechukua wazo la Bridgman la kugandamiza kitu katikati ya ncha mbili ngumu. Ila hizo ncha si kabidi ya tangsteni tena. Ni almasi mbili.

Na kuna ingine. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba ndani ya almasi zilizotoka chini kabisa ya ardhi, zingine za kusini mwa Afrika, walipata vipande vidogo sana vya barafu ya 7. Ile ya Bridgman. Ilikuwa imefungiwa humo, bado imefinywa, inangoja mtu aione.

Basi hii ndio yako

Siku ingine mtu akikutumia ile sentensi ya presha na almasi, mwambie habari za Percy Bridgman. Mwambie presha inabadilisha kitu, hiyo ni kweli kabisa, lakini haikuulizi unataka kuwa nini. Inategemea wewe ni nini ndani, atomu zako zimepangwa aje. Kuna vitu vinabonyea na kurudi vile vilikuwa. Kuna vitu vinatoka vyeusi badala ya vyekundu, na miaka 100 baadaye watu wanagundua ile nyeusi ndio ilikuwa dhahabu.

Na mwambie hiyo sehemu ya metali iliyoyeyuka. Kaboni haikuvuka peke yake. Kwa hivyo kama kweli anataka utoke almasi, aache kutuma maneno, atume mia mbili, ama akuje akae na wewe hapo kidogo.